Kamba ya Mafundo Kumi na Matatu

Kamba hii aliniachia Rubenga,
fundi aliyenifunza kupasua jiwe la volkano
bila kujipasua kidole.
Mafundo kumi na matatu, nafasi kumi na mbili:
tatu huku, nne kule, tano inayofunga.
Kona imekaa mraba. Weka msingi.
Nyumba arobaini na moja nimezisimamisha Goma
kwa kamba hii, toka Katindo mpaka Majengo,
na hakuna hata moja iliyonidai maelezo.

Aliyenidai ni Nabintu.
Katoka shule, viatu vimejaa vumbi jeusi,
kakaa juu ya mfuko wa saruji:
"Baba, kwa nini?"
Nikasema, kwa sababu haijawahi kukosea.
"Hiyo ni desturi," akasema. "Si sababu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo wa kukemea
kurenti ikakatika, ikaniokoa.

Kwa mshumaa akakata katoni ya sabuni,
pembetatu nne, mapacha wa tumbo moja,
kila mmoja na kona yake ya mraba.
Akachora kwa chokaa mraba mkubwa sakafuni,
akawalaza wanne kwenye pembe zake,
katikati pakabaki uwazi uliolala upande:
mraba wa ule mstari mrefu.
Kisha akawasukuma. Wawili wakakumbatiana, na wawili,
na uwazi ukahama, ukawa miwili,
mraba wa mstari mfupi, mraba wa mstari wa kati.
"Sakafu ni ileile. Pembetatu ni zilezile.
Kilichobaki mwanzo na kilichobaki sasa
vitaachaje kuwa sawa?"

Nikamwambia rudia. Akarudia.
Nikamwambia tena, polepole,
kama mtu anayemtazama mcheza karata wa Birere,
nautafuta mkono unaoiba.
Hapakuwa na mkono unaoiba.

"Basi," nikasema, "kamba imeshinda kesi."
Akatikisa kichwa.
"Bado, baba. Mimi nimeanza na kona
nikaifikia kamba. Wewe kila siku
unaanza na kamba, halafu unadai kona.
Njia iliyokupeleka sokoni
haijaapa kwamba itakurudisha."

Akapuliza mshumaa, akaenda kulala.
Mimi nyumba arobaini na moja zilinikalia kifuani,
kila moja na kona zake nne,
na juu ya mlima wingu lilikuwa jekundu kama kawaida yake.
Mke wangu akauliza, ni deni?
Nikajibu, ni deni.

Alfajiri, kabla chukudu ya kwanza haijalia mtaani,
nilikuwa nimepiga magoti na kipande cha chokaa.
Tuseme hii ndiyo pembetatu yangu ya kamba,
tatu, nne, tano, kona yake siijui.
Pembeni yake najenga nyingine,
kona ya mraba kweli, miguu mitatu na minne.
Mgongo wake? Katoni ya Nabintu imeshasema:
lazima uwe tano.
Sasa ninazo mbili, tatu nne tano, tatu nne tano,
na fito tatu zikishapigiliwa hazina pa kuyumbia,
fundi yeyote wa paa anajua.
Basi ni moja. Basi kona ya hii ni kona ya ile.
Basi.

Sijawahi kuliandika neno hilo kwa raha namna ile.

Nabintu akaja na mswaki mdomoni,
akainama, akafuata mistari kwa kidole cha mguu
mpaka mwisho, bila haraka.
"Ni kweli," akasema. Akatema povu nje, akarudi.
"Ila hiyo ya fito tatu,
umeithibitisha, au umeizoea?"

Nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta,
ukuta nilioujenga mimi mwenyewe,
ambao sasa, isipokuwa hapo kwenye fito,
najua kwa nini umekaa mraba.