Debe la Vifuu

Nyuma ya kinu cha mawese cha Mwakyoma, Ipinda,
kuna kichuguu kisichojengwa na mchwa:
vifuu vya chikichi, vyeusi, vimelowa,
vinasubiri kumwagwa njiani tope likizidi.
Nusu yake ni kazi ya mkono wa bibi yangu.
Jiwe chini, jiwe juu, ta, ta,
kiini kwenye ungo, ganda kisogoni.
Kidole gumba chake cha kushoto hakina kucha
tangu mwaka ule wa mafuriko.

Mimi ni fundi. Naitwa Tupokigwe,
na wateja wakinikuta saiti huniuliza fundi yuko wapi.
Fuso la kokoto likiteremka toka Kiwira,
bei nayo huteremka? Thubutu.
Na udongo wetu huku bondeni hauna mgongo:
ukiubebesha nyumba nzito unainama,
ufa unaanzia dirishani, unatembea kama siafu.

Basi nikachota vifuu.

Zege la kwanza liliniaibisha.
Nilipofungua boksi, pembe ilibaki mkononi
kama mkate wa juzi.
Mafuta, kumbe. Mafuta hayashikani na mtu.
Nikaviosha kwa maji ya moto na majivu,
nikavilaza kwenye pipa usiku kucha, vinywe, vishibe,
maana kifuu chenye kiu ukikichanganya
kitainyang'anya saruji maji yake,
kama mgeni mwenye njaa aliyekalishwa karibu na chungu.

Siku ishirini na nane mchemraba ukalala majini.
Nikaupeleka maabara, Mbeya, nimeufunga kwenye kanga.
Kijana wa mizani, Lwitiko, akaunyanyua,
akautazama, akanitazama:
"Mama, hujasahau kitu humu?"
Kilo sita na robo.
Wa kokoto hufika nane.

Mashine ikaukandamiza.
Ulilia kidogo, kama mlango wa kanisa,
sindano ikapanda, ikasimama kwenye kumi na saba.
Si ghorofa. Ni ukuta wa jiko, dari ya stoo,
nyumba ambayo udongo wetu utakubali kuibeba.
Tukachungulia ndani ya ufa:
saruji ndiyo iliyoachia,
vifuu vilikuwa vizima, kimoja kimoja.
Nikakumbuka kwamba maisha yangu yote
nimemwona mtu mmoja tu anayevipasua.

Jumamosi nikamleta aone jiko.
Hakusema kitu. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
sikio karibu, macho kafumba,
vile anavyosikiliza chikichi kama ina kiini.
Akagonga tena, chini kidogo.
Nikangoja sifa.

"Hivi vyote vimo humu ni vyangu?"
"Vyako, bibi."

Akapindua ndoo, akaikalia,
akakunja kanga magotini.
"Ndaga. Sasa na wewe vuta kigoda.
Debe moja tulifanye shilingi ngapi?"