Hatua ya Saba

Barua imetoka Temuco, kusini mwa Chile,
kwa mwalimu Eluney Huenchumán,
mwenye kompyuta kumi na mbili zilizochoka
na wanafunzi ishirini na tisa wanaoandika insha moja kwa pamoja.
Anasema: nimeufuata mwongozo wenu neno kwa neno.
Kuna hatua ya sita.
Kuna hatua ya nane.
Naomba mniambie ya saba mmeificha wapi.

Huku Tartu ni Februari. Mto umeganda,
dirisha la jikoni limeota manyoya ya barafu,
nami nimevaa soksi mbilimbili, nausoma tena ukurasa
ambao jina langu liko chini yake.
Mimi si fundi wa itifaki.
Miaka kumi na tisa nilisahihisha ratiba za treni;
najua nukta moja ikikaa vibaya
mama na mtoto hulala stesheni.

Nikahesabu kwa kidole. Sita. Nane.
Tulikuwa tumeupitia watu kumi na mmoja,
tukausifu, tukabadilisha rangi ya vichwa vyake,
tukabishana wiki nzima juu ya nembo,
na hakuna aliyetumbukia shimoni,
kwa kuwa sote tulikwisha kujua pa kuruka.

Nikampigia Tarmo, aliyeibuni itifaki yenyewe.
Alikuwa anapasua kuni; nilisikia shoka likipumzika.
"Ya saba?" akasema. "Aa, ile. Ile si kila mtu anaijua?"
"Kila mtu ni nani, Tarmo?"
Kimya. Theluji ikaporomoka toka paani kwake, pwaa.
"Mimi," akasema, "na Riho. Na Riho ameacha."

Ndipo akaieleza, akaieleza vibaya,
kama mtu aliyeulizwa huwa anapumuaje:
foleni, matawi, mihuri ya wakati.
Nikamwambia: ngoja. Hapa niko mimi na kompyuta,
nimeandika sentensi yangu. Mkono wangu ufanye nini?
Akafikiri. Akakohoa.
"Usiitume bado. Kwanza pokea
yote waliyoandika wenzako wakati hukuwapo."

Kumbe ni hilo tu.
Nikaliandika. Kisha nikalitazama lile "tu."
Nikalisaka katika mwongozo mzima:
washa tu, unganisha tu, ni rahisi tu,
vijineno arobaini na vitatu vya herufi mbili,
kila kimoja mlango unaofungwa taratibu
mbele ya uso wa mtu aliyekwama saa sita usiku
akidhani mjinga ni yeye.
Nikaving'oa. Nikaacha kimoja
mahali kilipokuwa kweli: "Fanya hivi mara moja tu."

Penye "yafaa usubiri" nikaweka "lazima usubiri."
Tarmo akanuna; lazima, alisema, ni neno zito.
Nikamsomea barua, kipande cha mwisho:
mwanafunzi Rayen alipoteza habari ya bibi yake mara tatu,
ikimezwa na aya za jirani;
ya nne akaiandika daftarini, kwa kalamu.
Tarmo hakusema tena uzito.

Ukurasa mpya nikampa Hilja wa ghorofa ya chini,
mwoka mikate, vidole vina unga hata Jumapili.
Nikakaa nyuma yake, kiganja mdomoni.
Alisimama hatua ya tano. Akasogeza miwani.
Akarudi juu, akashuka, akasimama palepale.
Ulimi uliniwasha. Sikumsaidia.
Nikaandika pembeni: tano.

Ijumaa nikautuma. Jumatatu jibu likaja:
ya saba ipo, tumeiona.
Insha imeungana, ina majina yote ishirini na tisa,
na bibi yake Rayen yumo, aya ya pili, na kuku wake.
Ila angalieni, mwalimu ameandika,
sasa hatua ya tisa ziko mbili.

Nikahesabu kwa kidole.
Ziko mbili.