Hori la Jorgo

Temirkul, fedha ulizotuma zimefika.
Jumapili nilishuka nazo sokoni At-Bashi,
theluji ikinifika magotini,
nikanunua gunia lile ulilolitaka,
lenye picha ya farasi anayepaa.
Jorgo alilinusa,
akanigeuzia mgongo.

Usicheke. Nimejaribu mengi.
Shayiri kavu aliichambua kwa midomo
kama mtu anayetafuta chuya kwenye mchele,
nusu ikaishia sakafuni, shomoro wakafanya karamu.
Oti zilitoka nzimanzima kwenye kinyesi.
Majani makavu ya bondeni, bei ya kukata maini,
aliyatafuna, akayatafuna, akayatema:
vidonge vya kijani chini ya hori,
vimelowa, vimeviringika.

Mama Salkyn wa jirani aliokota kimoja,
akakifinya, akanitazama.
"Huyu hakatai chakula," alisema.
"Chakula ndicho kinachomkataa."
Tukamfungua kinywa kwa taa ya simu.
Magego mawili upande wa kushoto,
na jingine peke yake kulia,
kama mlinzi aliyesahauliwa zamu.
Miaka ishirini na saba, ndugu yangu.
Jorgo wetu, aliyewaacha wote nyuma, ni kibogoyo.

Tangu siku hiyo sisomi magunia.
Namsoma farasi.
Lusani naifumbata: ikinichoma, ya ng'ombe;
ikilala kiganjani, yake.
Kisha naipeleka puani.
Yenye harufu ya chumba kisichofunguliwa
siitaki hata ya bure.
Naikatakata fupi kama ukucha.
Shayiri naiparaza, nailoweka tangu magharibi,
pumba, chumvi, maji ya uvuguvugu,
kidogo asubuhi, kidogo mchana,
kidogo jioni, na tena kabla sijalala.
Kipya chochote naanza na konzi moja, wiki nzima,
maana tumbo la farasi halijui kutapika:
kilichoingia kimeingia.

Akala. Mbavu zikaanza kujificha.
Lakini alikula kama mtu anywaye dawa,
masikio yamelala, macho ukutani,
nami nikasema basi, shibe inatosha,
furaha ni ya wenye meno.

Kisha ikaja ile baridi ya kupasua ndoo.
Nikavaa koti la baba, lile la manyoya,
ambalo hakuna aliyeligusa tangu mazishi.
Jorgo aliinua kichwa.
Alikuja moja kwa moja, pua mfukoni, mfuko wa kushoto,
akasukuma, akanguruma chini chini.
Nilipopekua kwenye mshono
nikapata vipande vya aprikoti kavu,
vigumu kama kucha.

Baba, Temirkul! Baba aliyetuhesabia sukari kwa kijiko!

Sasa naziloweka tatu, nazitoa kokwa,
naziponda juu ya uji wake.
Masikio yanasimama kabla sijafika mlangoni.
Analamba hori hadi mbao zing'ae,
kisha analamba mkono wangu, kisha koti.

Majira ya baridi yaliyopita nilimpondea baba mkate kwenye maziwa,
siku baada ya siku, mkate na maziwa.
Sikumuuliza hata mara moja anapenda nini.

Gunia lako liko pembeni; kuku wa Mama Salkyn wanalimaliza.
Ukituma tena, tuma kidogo tu.
Za Batkeni ndizo tamu,
zile nyeusi, zilizokunjamana.