Miguu Kwanza

Saa mbili asubuhi, nje kidogo ya Duluth,
kokoto zimegandamana kwa barafu,
na Rozelle Tibbs, msambaza barua mstaafu,
anatandika mbao juu ya theluji
magurudumu ya kiti cha Wendell yasizame.
Hakumuuliza kama ataweza.
Alimuuliza upana wa kiti.

Tuko watano tu.
Corinne, aliyehama mara tatu tangu abadili jina,
huketi akiukabili mlango
hata hapa pasipo na mlango.
Marvella, Mwojibwe, amekuja na picha ya binamu yake
aliyetoka kununua maziwa.
Ansel ni kiziwi: kwa ajili yake filimbi imewekwa kando,
amri ya kuacha ni bendera nyekundu,
nasi wenye masikio tunajifunza kutazama.
Na mimi, Pahoua, mshonaji wa mapazia,
miaka hamsini na miwili, kimo cha mtoto wa shule.

Saa nzima hatukugusa chuma.
"Miguu kwanza," alisema Rozelle. "Kisha sauti."
Tukatanua nyayo, tukalegeza magoti,
tukaambiwa tupaze: Rudi nyuma!
Yangu ilitoka kama ombi la radhi.
Tena. Tena.
Miaka thelathini nimewaambia samahani
watu walionikanyaga wao.
Ya tisa ikagonga ukuta wa machimbo, ikarudi,
nikageuka kuona ni nani huyo mwenye hasira.

Ndipo bastola.
Nzito kuliko mkasi wangu mkubwa, na baridi
ya kitu kilichotolewa mtoni.
Nikasema, sijui kwa nini, habari za baba:
alibeba bunduki milimani Laos akiwa na miaka kumi na minne;
huku alikuwa na moja ya kuwindia kindi,
hadi wanaume watatu walipomkuta msituni,
wakataka kibali, wakakisoma, wakakitaka tena,
wakamwaga kindi wake chini, wakihesabu kwa sauti.
Bunduki ilikuwa begani pake. Haikumfaa kitu.
Wiki ile aliiuza.

Rozelle alikuwa akipanga risasi juu ya meza.
"Mama yangu aliificha yake kwenye pipa la unga," alisema.
"Mdogo wangu alikuwa anapenda chapati."
Akaendelea kupanga.
Tukaelewa kwa nini swali lake la kwanza kwa kila mmoja
lilikuwa kufuli.

Wendell alitoboa katikati mara nne
akaona haya kwa furaha yake.
Corinne alipiga, akalia, akapiga.
Marvella hakupiga. Aliokota maganda yenye joto,
akayatia kwenye glavu, akasema leo yatosha,
wala hakuna aliyemsihi.
Mimi: risasi tano, karatasini mbili,
moja kwenye nguzo, mbili Mungu anajua.

Husemwa kwa mwoga huenda kicheko,
kwa shujaa kilio.
Kwetu vimekwenda vyote viwili, kwa zamu,
na hakuna aliyetuuliza sisi ni yupi.

Jioni, kituo cha mafuta cha Cloquet.
Mwanamume mwenye kofia ya manyoya
ameegemea mlango wa gari langu.
"Umepotea, mama?"
Nikasema sijapotea.
"Nimeuliza, umepotea?"
Miguu ikajipanga yenyewe.
Kisha ile sauti ya machimboni,
ile ambayo bado sijaizoea,
na mhudumu dirishani akainua kichwa.
Yule akainua mikono, akacheka, akasogea.
Labda alikuwa anatania. Labda.
Nilikaa ndani, milango nimeifunga,
mikono ikitetemeka kuliko asubuhi,
funguo zikikataa tundu.

Nyumbani nilitoa kwenye mkoba fomu ya bastola,
haijajazwa hata jina,
na kile nilichokwisha kununua:
kufuli, jipya, bado kwenye boksi.
Mjukuu wangu akauliza ni la nini.
Nikamwambia asimame vizuri, atanue miguu.
Akadhani ni mchezo.
Nikamwacha adhani.