Pingu ya Tatu

Kabla ya kamba nilisuka vichwa,
miaka sita Soko la Kenyatta, nimesimama,
vidole vikijua njia hata stima ikipotea.
Sasa nasuka pingu. Usicheke.
Si zile za askari, wala za maisha
(hizo nilifunga, zikafunguka zenyewe).
Hizi ni za kuvutia malori.

Kamba ni mabaki, rangi ya kijivu,
nene kama kidole changu cha mwisho,
ina tundu katikati kama kikonyo cha jani la boga.
Sindano yangu ni spoku ya baiskeli.
Naiingiza kamba tumboni mwa kamba,
upande huu naacha jicho,
upande ule ncha mbili zinapishana:
juu, chini, zunguka, rudi kati,
mpaka liumbike fundo, kubwa kuliko golori.
Fundo hupenya jicho, jicho hubana shingo.
Kadiri unavyovuta ndivyo linavyokataa kutoka.

Musembi hakuamini. Gereji yake iko Kariobangi,
nyuma ya wachomeleaji wa mageti,
na mkono wake wa kushoto una vidole vitatu:
pingu ya chuma, Mlolongo, mvua, lori la saruji.
"Chuma kimenila," alisema, "uzi utaniacha?"
Nikamwambia chuma kikikatika huruka,
kamba ikikatika hulala.
"Tuone."

Mwisho mmoja kwenye nguzo ya reli kuukuu,
wa pili kwenye ndoana ya winchi ya mnyororo,
katikati mizani ya kuazima, ya muuza vyuma chakavu.
Juu tukatupa godoro.
Sisi nyuma ya mlango wa Isuzu.

Ya kwanza: kilo mia tisa na arobaini.
Haikukatika. Fundo lilijifungua tu, polepole,
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.
Mikia niliikata mifupi, nikitafuta urembo.
Tabia ya saluni.

Ya pili niliiachia mikia shibiri nzima.
Elfu mbili, mia tatu. Mlio kama kofi.
Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba.
Tukachungulia: ilikatikia penye unene,
shingoni mwa fundo, pale inapopinda.
Wahenga hawakuwa na mizani.

Ya tatu nililikaza fundo kwa jeki,
likalala limekazwa usiku kucha.
Elfu mbili. Elfu tatu.
Mchomeleaji akazima moto wake, akaja kuona.
Kamba ikalia kama kiatu kipya kanisani.
Elfu tatu mia sita, nguzo ikaanza kuinama.
"Basi!" akasema Musembi. "Nguzo ni ya mwenye ploti."

Akataka kwenda kazini na hiyohiyo,
mshindi. Nikaikata kwa kisu mbele yake.
Alinitazama kama aliyenikuta
nikichinja ng'ombe wa maziwa.
Iliyovutwa hivyo imeumia ndani, nikasema,
na haitakuambia siku yake.
Nikampa pacha wake:
kamba ileile, fundo lilelile, mikia ya shibiri,
ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza chochote.

Akaigeuzageuza kwa vile vidole vitatu.
Akaitia mfukoni.