Dirisha Namba Tatu

Jumatano, soko la wanawake likichemka nje,
alifika dirishani kwangu, kilemba kimefungwa kwa haraka.
Alinisalimu kwa Kiarabu, akatazama nyuma,
kisha akahamia Kiswahili
kama mtu aingiaye chumba cha ndani na kurudishia mlango.

"Dada, mama yako si alizaliwa Wete?"
Alizaliwa Wete. Ibra nzima inajua.
Lugha ya bibi zetu, ya ngano na ya kugombeza watoto,
hapa imekuwa pazia la kusemea maradhi.

Nitamwita Mundhir. Silo jina lake.
Mkewe, Ghaniya, ana mimba ya wiki kumi na mbili;
kliniki ilimtoa damu kama itoavyo kila mjamzito,
na damu ikajibu: kaswende.
Tangu hapo, siku tatu, anapika, anafua, hasemi.

"Ni tego," aliniambia. "Kuna mtu kanitega."
Nikamjibu: tego humkamata mwizi.
Hili limemkamata Ghaniya,
na Ghaniya hakuiba kitu.

"Basi ni kahawa. Barazani finjani ni moja,
inazunguka watu ishirini."
Finjani haina kosa, Mundhir.
Wala taulo, wala choo cha kituo cha mafuta,
wala maji ya wadi mlimooga Ijumaa.
Kijidudu hiki hakiwezi hewa, hakiwezi jua;
kinataka mwili juu ya mwili,
kidonda kigusane na ngozi laini,
na mdomo nao ni mlango, usijidanganye.

Kiyoyozi kiliguruma. Mashine yangu ikazungusha vichupa vya watu wengine.

"Kilikuwapo kimoja," alisema.
"Baada ya Dubai. Hakikuuma hata kidogo.
Nilikipaka mafuta ya ubani, kikapona."

Hakikupona. Kilihama.

"Halafu vipele, viganjani na nyayoni.
Nikadhani ni saruji, kule kiwandani kwa matofali."

Haikuwa saruji.

"Lakini nilipima! Siku ya nne tu baada ya safari.
Karatasi ikasema safi, ninayo mpaka leo."
Akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nane, kama hirizi.

Siku ya nne damu haijajifunza kusema.
Ungerudi wiki ya sita,
ungerudi tena mwezi wa tatu,
na kile kidonda ungekileta hapa siku ile ile,
kiuma kisiume.
Kisichouma ndicho kinachosafiri na mizigo yako.

"Basi mtibuni yeye kwanza. Mimi nitakuja."
Wewe mtoto wa Ibra, unalijua falaji:
utasafisha vipi mfereji wa shamba la chini
na mzoga bado uko kwenye chemchemi?
Mkono huo. Kunja ngumi.

Akakunja. Damu yake ikapanda kwenye kichupa,
nyekundu, ya kawaida, haina haya.

Nilimweleza sindano: penisilini,
dawa iliyotangulia lami kufika hapa.
Inauma matakoni, nikamwambia, utakaa upande kwa siku mbili.
Na mtoto? Tumewahi.
Dawa ikimwingia mama, humfuata na yeye mpaka ndani.
Mpaka daktari aseme, kila mtu na godoro lake.

"Nimwambie nini, dada?"
Kama ulivyoniambia mimi.
Akacheka kidogo, vibaya. "Ghaniya hajui Kiswahili."

Ndiyo hapo.
Utalisema kwa Kiarabu, Mundhir,
kwa lile neno lifananalo na jina la Zuhura,
bila chumba cha ndani, bila pazia.

Sijui alilisema vipi, wala usiku gani.
Jumapili walikuja wote wawili.
Yeye alisimama karibu na mtungi wa maji,
akisoma bango la chanjo ambalo halimhusu.
Ghaniya akaja dirishani, akasukuma karatasi,
si yake, ya mumewe,
akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya sokoni,
mpaka mlinzi akageuka:

"Huyu mwandikie tarehe ya kupimwa tena.
Miezi mitatu. Nitamleta mwenyewe."

Nikaandika.