Kuhesabu Kuta, Mikindani

Fomu ina nafasi saba:
jina la jengo, mwaka, mwenye mali,
lilijengwa kwa kazi gani, limebaki kiasi gani,
picha ya mbele, picha ya nyuma.
Vibao vya namba vimo mkobani, na misumari,
na ming'oko ya kuchemsha niliyofungiwa na mama.

Namba moja ilikuwa rahisi. Boma, juu kilimani:
limepakwa chokaa juzi, linang'aa kama meno ya bandia.
Mlinzi alinisalimia kwa cheo nisicho nacho.
Namba mbili, ghala. Namba tatu, msikiti mdogo;
mihrabu yake imevaa matabaka kumi na moja ya kijani,
niliyahesabu pale yalipobanduka, kama kitunguu.

Namba nne, kwa Ismaili Nakojwa.
Ghorofa imeshuka chini, ngazi inapanda kwa kunguru.
"Andika," akasema, "mlango niliuuza
Hashiru alipoingia kidato cha pili.
Ulimaliza ada, ukabakiza godoro."
Nikamuuliza mwaka wa kujengwa.
"Kwani ukuta una kadi ya kliniki?"

Hapa hapakuhitajika vita.
Bei ya korosho ikipanda, ukuta mmoja huanguka:
mtu hushusha boriti za mkandaa,
hupandisha tofali, bati la bluu, dirisha la aluminiamu,
na usiku hulala
bila kusikia chokaa ikidondoka juu ya chandarua.
Nimwambie nani arudi chini ya mchanga ule?
Mimi mwenyewe nimepanga Shangani, chumba cha vigae.
Bei ikianguka, kuta hupumzika.
Hesabu hii naijua. Fomu haiiulizi.

Kwa Bi Somoe, kidaka kilichochongwa ukutani
ni mahali pa kuchajia simu,
taa nyekundu, ndogo, inawaka katikati ya ua la plasta.
Nikainua kamera. Akataka kwanza aondoe waya.
Nikamwomba auache.
Tukabishana, akashinda mwenye nyumba.
Kwenye picha kidaka ni kitupu,
ni kizuri,
ni cha uongo.

Saa nane, uani kwake, nikakaa nile
juu ya mdomo wa kisima.
Kidole kikateleza ndani ya mfereji.
Kisha mwingine. Kumi na saba. Ishirini. Nikaacha.
Mifereji laini kama tumbo la kijiko,
kamba za makumbi zimelikata jiwe,
kamba baada ya kamba, kiganja baada ya kiganja,
wa waliotumwa maji.
Waliowatuma wana milango, wana majina juu ya milango;
mfereji hawakuacha hata mmoja.

"Hiki kina umri gani?"
"Tulikikuta."
"Mama yako?"
"Alikikuta."
"Na bibi?"
"Alisema alikikuta. Lakini yule alikuwa muongo."

Nikaigeuza fomu. Jengo: si jengo,
kimefanywa kwa kupunguzwa.
Picha ya mbele: kisima hakina mbele.
Mwenye mali:

"Dada, samahani, umekalia njia ya kamba."
Binti wa darasa la sita, dumu la njano, kamba ya nailoni.
Bomba halijatoa tangu Jumanne.
Nikasogea.
Kamba ikachagua mfereji wake bila yeye kutazama,
ikashuka ikilia,
na chini kabisa dumu likapiga maji
kama mtu aliyeitwa jina akaitika.

Kibao namba tano kilikuwa mkononi, na nyundo.
Nilipima pa kupigilia msumari,
huku, kule,
kila mahali palikuwa na mkono wa mtu.
Nikakirudisha mkobani, nikamsaidia kuvuta.

Dumu lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.
Kamba ilipopanda ikanipaka viganja
uji mweupe, mwembamba sana,
wa jiwe.